Jani la Siku ya Kumi na Tatu

Siku ya kumi na moja ndipo Mercyline alipoyaona meno, na tangu hapo hakula akashiba.

Alikuwa jikoni, ghorofa ya kumi na nne, mtaa wa Al Jaddaf huko Ghuba, anaosha vikombe vya asubuhi. Kwenye ukingo wa dirisha kulikuwa na makopo mawili ya mtindi yaliyojazwa udongo. Lile kubwa lilikuwa lake, lina miche ya sagaa, mboga ya kwao, iliyosongamana. Lile dogo lilikuwa la Shifaa, binti wa mwajiri wake, mtoto wa miaka tisa, na ndani yake ulisimama mche mmoja tu, shina nene, umeipita mingine yote kwa urefu. Mercyline aliinama autazame. Jani la sagaa lina kingo laini. Majani ya mche wa Shifaa yalikatwakatwa pembeni kama msumeno.

Aliyajua majani hayo, na angependa sana asiyajue. Miaka sita nyuma, kwao Kisii, mdogo wake Austine alipanda miche ya namna hiyo katikati ya mahindi ya mama yao, akijiona mjanja kuliko kijiji kizima, mpaka asubuhi polisi walipokuja na mama akapiga magoti kwenye matope kuwaomba wamwache mwanawe. Ilikuwa bangi. Na huu nao ulikuwa bangi, unanyweshwa maji kwa kijiko kila asubuhi, katika mji ambao kupiga magoti hakumsaidii mtu.

Uliingiaje? Kwa mlango wa mbele, kama mgeni wa heshima. Zadock, mlinzi wa jengo hilohilo na mtu wa kwao, alipotoka likizo alibeba mzigo wa mama Mercyline bila kuufungua, kwa kuwa watu wa kwetu tukipewa mzigo wa mwenzetu huwa hatuufungui, tunaubeba tu na kumwachia Mungu mengine. Ndani kulikuwa na kopo la kakao lililojaa mbegu za mboga zilizochanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Mama yake hakuwa mtu wa kuchambua mbegu. Sagaa, managu, kunde, zote alizitia kopo moja na kuzimwaga shambani pamoja, kinachoota kikaliwa.

Wiki hiyohiyo shule ya Shifaa iliwaagiza watoto wapande mbegu nyumbani, wachore na kupima mmea kila siku kwenye daftari. Wenzake walinunua mbegu dukani. Shifaa alitaka kitu ambacho hakuna mwingine atakuwa nacho, na Mercyline, kwa wema wake, akamfungulia kopo la kakao.

Madam Saleha alinusa zile mbegu akafumba macho. Alikuwa mtu wa Unguja aliyezaliwa hukuhuku Ghuba, akifanya kazi mapokezi kwenye kliniki moja Oud Metha.

"Mgagani huu, wallahi," alisema. "Tangu marehemu mama afariki sijaula. Panda na wangu, Mercyline, tuupike kwa nazi."

Shifaa alichagua mbegu moja tu, kubwa kuliko zote, ya kijivu yenye marakaraka. Mercyline aliiona kuwa si ya sagaa, maana za sagaa ni nyeusi na ndogo mno. Akadhani ni ya mboga nyingine ya mama. Haya ndiyo matunda ya kula bila kuchambua.

Siku ya tano ilipasuka, yakatokea majani mawili ya mwanzo, mviringo, hayana hatia. Siku ya tisa ikaja jozi ya pili, nyembamba. Shifaa alichora yote na kupima kwa rula. Siku ya kumi na moja aliupa mmea jina.

"Anaitwa Meno," alitangaza. "Ona, Dada Mercy, ana meno pande zote mbili."

Mchana huo Mercyline alimwandikia Austine, akichagua kila neno kama anayetembea juu ya vigae vilivyovunjika: "Lile kopo la kakao lilikuwa la nani kabla ya mama?"

Jibu lilikuja upesi. "Ilikuwa yangu, sister. Nilikuwa nimeacha vitu zangu chini. Mathe aliweka zake juu? Futa hii text. Futa saa hii."

Alifuta. Kisha akakaa juu ya kitanda chake akiiogopa simu yenyewe. Siku thelathini na nane zilikuwa zimebaki aende likizo akamwone Kerubo, binti yake, ambaye alimwacha na miaka saba na sasa ana tisa. Habari za watu waliokamatwa kwa jambo kama hili alizisikia kila Ijumaa kanisani, kila msimuliaji na idadi yake ya miaka, ila wote walikubaliana kwamba jela huja kwanza na ndege baadaye. Nani angeamini habari za mama mzee asiyechambua mbegu? Na Zadock je, aliyelipitisha kopo lile uwanja wa ndege ndani ya mfuko wa koti, akiimba?

Alitaka kumwambia Madam. Siku ya kumi na mbili alisimama mlangoni pa sebule mara tatu, na mara tatu akauliza kuhusu chakula. Madam alikuwa mwema, lakini kopo lilikuwa dirishani pake, na mtoto alikuwa wake. Mtu akiogopa kwa ajili ya mwanawe wema hukaa pembeni kwanza. Mercyline hakuhitaji kufundishwa hilo, naye alikuwa mama.

Siku ya kumi na nne, Madam kazini, mtoto shuleni, aliamua. Alichimbua mche wa sagaa uliokuwa mrefu kuliko wenzake, akauweka tayari juu ya sahani. Kisha akaung'oa Meno. Ulitoka na mzizi mweupe mrefu, na harufu yake ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka. Jani moja la chini halikuwepo. Akadhani amelikata kwa haraka zake.

Simu ya ukutani ikalia. Mche ulimtoka mkononi.

"Dada, ni mimi," alisema Zadock kutoka chini. "Mafundi wa AC wanapanda kwako. Wako wawili na msimamizi."

"Waambie nimetoka."

"Si umeshika simu? Wako ndani ya lifti tayari."

Alikimbia chooni, akautupa, akavuta maji. Yale maji yalizunguka, yakashuka, na mche ukarudi juu, majani yamekunjuka, kama uliotoka kuogelea. Akavuta tena. Ukarudi. Kengele ya mlango ililia. Alitia mkono chooni, akauvunja vipande vidogo vidogo huku anaomba kwa Kikisii, akavuta maji mara ya tatu, na safari hii ulikwenda.

Mafundi walikaa dakika ishirini. Msimamizi alisimama jikoni, akitazama dirisha, akagusa udongo uliomwagika kwa kidole.

"Nice garden," alisema.

"Yes, sir," alijibu Mercyline. Walipoondoka aliupanda ule mche wa sagaa kwenye kopo dogo, akaukandamiza udongo, akaosha mikono mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kisha akalala chali sakafuni, akacheka peke yake. Kerubo alikuwa amerudi mikononi mwake. Alilisahau lile jani.

Shifaa aliporudi hakuvua hata viatu. Alichukua rula, akapima, akapima tena.

"Huyu si Meno."

"Ni yeye. Mimea hubadilika ikikua, mama."

"Meno ana sentimita tisa. Huyu ana sita. Na hana meno." Midomo ilianza kumcheza. "Dada Mercy, umempeleka wapi?"

Mercyline alisema jua limemkunja, alisema udongo umetitia, alisema maneno ambayo hata kuku asingeyameza. Mtoto alilia. Alikuwa bado analia Madam Saleha alipoingia, mkoba begani, simu mkononi, uso umechangamka.

"Mercyline, hebu njoo usikie. Mwalimu wake kaniandikia." Akasoma, akitafsiri taratibu: "'Jana niliwaomba watoto walete jani moja tuliangalie kwa hadubini. Nimeliona jani la siku ya kumi na tatu lililobandikwa kwenye daftari la Shifaa. Tafadhali fikeni shuleni kesho saa mbili asubuhi, wewe na Dada Mercyline, ambaye Shifaa ameandika kuwa ndiye aliyetoa mbegu. Njooni na mmea.'" Akainua macho. "Miye nadhani watampa zawadi."

Mercyline alishika meza. Jani la chini. Hakulikata yeye. Lilikuwa shuleni tangu jana, limebandikwa kwa gundi, na jina lake limeandikwa chini kwa mwandiko wa mtoto anayempenda.

"Lakini Meno hayupo," alisema Shifaa, akifuta kamasi. "Mama, Dada Mercy kambadilisha. Kesho nitamwambia mwalimu."

Madam alilitazama kopo dogo. Alikuwa bado na tabasamu, ila limeanza kumchoka.

"Umeubadilisha, Mercyline? Kwa nini?"

Siku tatu nyuma angeweza kulibeba kopo lile kwa mikono miwili, akasema, Madam, tazama kilichoota, sikujua. Lingekuwa neno la kweli, na lile kopo lingekuwa shahidi wake. Sasa nani angemwamini kuwa hakujua, wakati amekwisha kuung'oa, akauvunja, akapanda mche mwingine mahali pake na kumdanganya mtoto? Mficha maradhi, mama yake alizoea kusema, kilio humfichua. Alikuwa ameogopa jela hata akajitengenezea ushahidi kwa mikono yake.

Alimvutia Madam kiti.

"Keti kwanza, Madam," alisema. "Na mtoto aende chumbani."