Mbio za Minyoo Siku ya Theluji ya Kwanza

Katika maabara ya minyoo kule Duluth, mji wa baridi kaskazini mwa Marekani, theluji ya kwanza ikianguka watu hawatafuti makoti, wanatafuta hadubini. Ni siku ya mbio. Minyoo wenyewe ni wadogo, kila mmoja kama alama ya koma iliyochoka, na mshindwa ndiye huja kuwalisha kila Jumapili mpaka barafu ya ziwa iyeyuke.

Mwaka uliopita alishindwa Verna Lindgren. Majira yote ya baridi mumewe akavua samaki peke yake kwenye kibanda chao juu ya ziwa lililoganda, kupitia tundu la barafu, na baridi ya huko, jamani, hata kivuli cha mtu hugoma mlangoni. Safari hii Verna aliapa: Jumapili zake ni za ziwa.

Dawa aliijua. Mnyoo hukumbuka hali ya joto au baridi ya mahali aliposhiba. Ukimweka pengine, hutambaa kuitafuta. Na kwa kuwa mstari wa ushindi ulichorwa upande wa baridi wa bamba la chuma la mbio, Verna aliwalea minyoo wake ndani ya kabati la baridi, akawashindilia bakteria, ndio chakula chao, mpaka wakanenepa kama maharusi.

Mpinzani wake, Duane Skoglund, alikuwa mgeni kazini, mtoto wa wafuga mbwa wa kuvuta magari ya theluji. Minyoo wake walikaa kabati lilelile, ila bila chakula.

"Mama Verna, hao si wakimbiaji, hao ni soseji," alimcheka. "Kwetu mbwa hashibi kabla ya mbio."

Verna akachungulia kwenye hadubini. Wa Duane walikuwa wembamba, wanajinyonganyonga kwa pupa. Wake walilala kama wametoka karamuni. Moyo ukamshuka, akaziona Jumapili zake zikizama kwenye tundu la barafu.

Wakawatia wote katikati ya bamba, upande huu baridi, ule joto. Wa Duane wakachomoka kama risasi.

"Waone! Waone wanangu!" Duane akapiga kelele.

"Nawaona," Verna akajibu, macho kwenye lenzi, kicheko kikimpanda. "Wanakwenda Florida!"

Kweli, walikuwa wakikimbilia joto, wameipa baridi kisogo. Soseji za Verna zikajikokota pole pole, zikauvuka mstari.

"Wamekaa baridini kama wako!" Duane akalalama.

"Wamekaa na njaa, bwana wee. Umewafundisha kwamba baridi ni njaa. Wewe ungerudi ulikonyimwa chakula?"

"Mbona kwa mama mkwe narudi kila Pasaka?"

"Kwa sababu mkeo ndiye dereva."

Basi Jumapili zote Verna akawa ziwani, na Duane akilisha minyoo. Lakini kila Jumapili jioni akirudi, Verna alipitia maabara na bakuli la samaki wa kukaanga, wa moto, akasimama hapo mpaka Duane amalize kula. Asije kijana naye akapachukia mahali kwa njaa, akamkimbia kabla ya barafu kuyeyuka.