Wageni Wasimame

Baba yangu ni mchungaji wa kuanzisha makanisa, na nisiwafiche, kazi hiyo imenichosha tangu niko tumboni. Anaingia mtaa usio na kanisa, anakodi chumba, anagonga milango, anafunga na kuomba mpaka wale watu wachache wanakuwa umati. Hapo, ambapo wenzake huanza kula matunda ya jasho lao, yeye anamkabidhi mwingine ufunguo na sisi tunafunga mizigo. Nilijua kufunga sufuria kwenye shuka kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Na alikuwa na sheria moja: ukishaondoka usirudi, wala usitajwe, watu wasije wakamtumikia mwanzilishi badala ya Mungu.

Haya. Mama akaugua, ule ugonjwa unaommaliza mtu kidogo kidogo kama sabuni. Hospitali wakasema tukae naye tu nyumbani. Tulikuwa mtaa mpya, waumini hawajazi hata benchi moja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mama akiwa na nyama mwilini. Mama si mtu wa kulalamika. Alitaka kitu kimoja tu: wanawake wa kanisa la kwanza, wale aliofagia nao vumbi, wale waliokesha naye kaka yangu alipofariki. Wamwekee mikono, wamwombee, basi.

Baba akasema sheria ni sheria. Nikamwambia basi ailaze hiyo sheria kitandani aiuguze. Mungu anisamehe, sijawahi kumjibu mzazi hivyo. Jumapili asubuhi nikamkuta amepiga magoti, anamvalisha mama viatu.

Kanisa lile la kwanza limekuwa kubwa jamani, vigae, feni, spika kila kona. Dada wa mapokezi alitupokea vizuri, akatubandika vibandiko vya mgeni kifuani, akatukalisha karibu na mlango. Mama akawa anageuza shingo, safu hadi safu. Hakumwona fundi cherehani, hakumwona muuza mkaa, wala yule waliyekuwa wakimwita Bibi Kicheko. Nikamuuliza yule dada wa mapokezi, wale wanawake wa zamani wako wapi. Akanijibu kwa fahari kwamba hao wa zamani walitumwa, kila mmoja mtaa wake, kuanzisha makanisa.

"Mwanzilishi alituachia utaratibu huo," akasema. "Tunatuma walio bora, na hawarudi."

Nikamuuliza huyo mwanzilishi ni nani. Akacheka kidogo, akasema hata wao hawamjui, mwenyewe hakutaka atajwe.

Baba alisikia yote. Nilimgeukia nikiwa na hasira zangu tayari. Alikuwa ameweka mikono magotini, mitupu, anaitazama.

Mchungaji wa pale akaomba wageni wasimame, waseme wanasali wapi. Kipaza sauti kikamfikia baba. Kinyozi hajinyoi: mtu aliyeanzisha makanisa mpaka mimi mwanawe nimepoteza hesabu alisimama pale bila hata moja la kulitaja. Akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye mzazi. Mama akamvuta koti.

"Sema tunasali hapa," akamwambia.

Hakuweza. Akasema sisi ni wapita njia tu, tunashukuru kwa mapokezi.

Wakatupigia makofi, wakaanza wimbo wa kukaribisha wageni. Wimbo ule aliutunga mama, akifagia chumba cha kupanga, mimi nikiwa mgongoni. Ubeti wa pili walikuwa wanaukosea. Mama akajaribu kuuimba ulivyo, pumzi ikamkata katikati, akakohoa, akaanza tena. Mwanamke wa safu ya mbele akageuka, akamshika mkono kwa huruma.

"Pumzika, mama, wewe ni mgeni," akamwambia. "Waache wenyeji wakuimbie."

Mama akafunga mdomo, akaimbiwa.