Nyuma ya Ukuta wa Mzee Tak

Mama mkwe wangu alipanda bembea siku ya sikukuu yetu ya Dano akiwa bibi mwenye wajukuu na goti bovu, na kilichompandisha kilikuwa ukuta.

Ukuta wenyewe aliujenga Mzee Tak. Alihamia kijijini kwetu Solgok theluji ilipoanza kuyeyuka, baada ya kufanya kazi Seoul miaka mingi, kama wafanyavyo Wakorea wengi wa huku Yanbian, China, mume wangu Cholho akiwa mmojawapo. Alinunua nyumba iliyo kando ya uwanja wa shule, ile shule iliyofungwa watoto walipokwisha kijijini. Paa lilikuwa linavuja na mlango umelegea, lakini hakugusa paa wala mlango. Alianza na ukuta, wa matofali, mrefu kuliko mtu aliyesimama juu ya mkokoteni. Sisi nyumba zetu huzungushiwa fito zinazokomea kiunoni, ili mpita njia aweze kukuuliza leo umepika nini.

Basi watu wakaanza kusema. Wapo waliosema anapika pombe bandia. Wapo walioapa kwamba anafuga dubu ili awakamue nyongo. Pilsun, mwenyekiti wa wanawake, alishikilia kwamba kuna mke kijana humo ndani, aliyeibwa kwa mtu. Lori la mizigo lilikuwa limeingia kinyumenyume mpaka kwenye kizingiti, kwa hiyo hakuna aliyeona kilichoshuka.

Aliyeteseka zaidi alikuwa mama mkwe wangu, Bunok, ambaye kijiji kizima humwita Mama Cholho. Yeye hawezi kuona sufuria imefunikwa asifunue. Alimpelekea Mzee Tak bakuli la kimchi, ile kabichi yetu ya kuchachua, akijua kwamba anayepokea bakuli humkaribisha mletaji. Mzee Tak alifungua geti upana wa bakuli, akapokea, akashukuru kwa kuinama, akafunga. Kesho yake bakuli tulilikuta mlangoni kwetu, limeoshwa, lina samaki wakavu ndani.

"Samaki!" mama alisema, akilizungusha bakuli kama vile kuna maandishi chini yake. "Nimpelekee kimchi, anipe samaki, na bado sijui hata rangi ya mlango wake!"

"Labda ni mpole tu, mama."

"Mpole hajengi ukuta, Hyangran. Ukuta hujengwa na mwenye kitu."

Dano ikafika, siku ya tano ya mwezi wa tano kwa kalenda yetu ya mwezi. Asubuhi tulitundika pakanga mlangoni kabla jua halijachomoza, tukaosha nywele kwa maji yaliyochemshiwa majani ya kinamasini, yale yanayonukia, na nikatwanga unga wa mikate ya mchele na pakanga mpaka mabega yakauma. Nilipotoka nje nilimkuta mama amesimama na nywele zake zikidondosha maji, ameukazia macho uwanja wa shule. Vijana walikuwa wamesimamisha nguzo za bembea. Mbele yake, juu kabisa, walitundika kengele ambayo mbembeaji huipiga kwa miguu. Na nyuma ya kengele ulikuwa ukuta wa Mzee Tak.

"Hyangran," akasema taratibu, "kamba ile ikienda mpaka mwisho, mtu anafika wapi?"

Nilielewa papo hapo. "Mama, goti lako!"

"Goti linaniuma nikitembea. Kule juu nani anatembea?"

Kwenye meza ya kuandikisha majina alikuwepo Pilsun, kavaa sketi ya waridi pana kama hema. Alimtazama mama toka kichwani mpaka miguuni.

"Mama Cholho, wazee wenzio wapo kule kivulini wanacheza karata."

"Andika jina."

"Ukianguka nitamwambia nini Cholho?"

"Mwambie mama yake alikufa akiruka, na wewe utakufa ukiandika majina ya watu. Andika, mwenzangu, jua linapanda."

Watu wakacheka, Pilsun mwenyewe akacheka, akaandika.

Wasichana walitangulia. Mmoja aligonga kengele mara nne, tukampigia makofi mpaka viganja vikawaka. Mimi zamu yangu niliimaliza nimefumba macho. Wawili watatu walishuka wakilalamika kwamba kuna kitu kinawamulika machoni. Wakadhani ni bati la paa, wala hawakulijali, kwa sababu macho yao yalikuwa kwenye kengele. Mama aliyasikia hayo yote. Alinibana mkono.

Zamu yake ilipofika nilimfunga kitambaa cha usalama mkononi, akapanda ubao, akavuta pumzi. Nikamsukuma mara moja tu, kama sheria inavyotaka. Mwanzoni alikwenda kidogo kidogo, sketi ikipepea, wazee wakimshangilia kwa utani. Kisha magoti yakakumbuka kazi yao, kamba zikaanza kulia, naye akapanda.

Kila aliporudi chini karibu yangu alinirushia neno moja.

"Kibanda!"

Akaenda, akarudi.

"Kabichi!"

Watu walidhani anajipa moyo kwa kupiga kelele, nao wakaanza kumwitikia. "Kabichi!" uwanja mzima ukaitika.

Akaenda juu zaidi, nikaona amefumba jicho moja. "Kinang'aa!" Akaenda tena. "Ngazi! Mtu juu ya ngazi!" Akaenda tena, sasa miguu yake ikiwa hatua chache tu kutoka kwenye kengele. "Ana kioo!"

Halafu akanyamaza.

Nilimwona uso ukibadilika. Alikuwa amepinda kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani; sasa alinyoosha mgongo, akainua kidevu, akakunja magoti na kuyakunjua kwa utaratibu, kama alivyofundishwa alipokuwa msichana. Miguu yake ilipita chini ya kengele tu, haikuigusa. Alipochoka aliacha kamba zipungue zenyewe, akashuka akinishika bega.

Wanawake walimzunguka kama kuku waliomwagiwa mtama. "Umeona nini? Dubu? Mke?"

"Kabichi," mama akasema. "Zimestawi vizuri." Akaomba maji ya kunywa.

Niliogopa. Tangu niolewe sijawahi kumwona akiweka neno moyoni mpaka chakula cha mchana.

Baadaye, wanaume walipokuwa kwenye mieleka na kila mtu akimtazama fahali atakayepewa mshindi, aliniambia nibebe mikate ile ya pakanga nimfuate. Akagonga geti. Mzee Tak akafungua upana wa sahani. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

"Kioo kimekuchoma macho, dada," akasema. "Nisamehe. Sikukusudia."

"Sikuja kwa ajili ya kioo. Nimekuja kumsalimia aliyekuwa akinitazama."

Mzee Tak akashika geti kwa nguvu zaidi. Alitaka kusema kitu, lakini sauti ya mwanamke ikamtangulia kutoka ndani, nzito na ya kukokota, ila kali: "Mwache aingie! Magoti yake yameniudhi asubuhi nzima."

Uani, katikati ya vitalu vya kabichi, kulikuwa na kitanda cha mbao. Mwanamke wa umri wa mama alikuwa amelala juu yake, nywele zimeoshwa, zina harufu ile ile ya majani ya kinamasini kama zetu. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea na mkono mmoja umelala kama si wake. Ngazi ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba, na chini yake mlango wa kabati wenye kioo, umeng'olewa pamoja na bawaba zake.

Aliitwa Gilnyo. Alikuwa mkewe Mzee Tak, wala hakuibwa kwa mtu. Alipika kwenye mgahawa Seoul mpaka siku aliyoanguka jikoni. Alipozinduka nusu ya mwili haikumsikiliza tena. Alikubali kurudishwa nyumbani kwa sharti moja, kwamba asionekane na mtu akiwa amelala. Ndiyo maana ukuta ulitangulia paa.

"Sasa asubuhi hii nikasikia kamba zinalia," Gilnyo alisema. Maneno yalimtoka polepole, na mumewe hakumsaidia hata moja. "Niliwahi kushika nafasi ya kwanza ya bembea kule mjini Hwaryong, miaka hiyo. Nikamwambia huyu, nataka kuona. Akasema nikubebe nikupeleke? Nikamwambia nitakung'ata. Basi akang'oa mlango wa kabati, akauinua ngazini ili nione."

"Umeshika kioo kile tangu asubuhi?" mama akamuuliza Mzee Tak.

"Aliponiruhusu kunywa maji, ndipo niliposhuka."

Nilidhani mama atalia. Lakini yeye alivuta kigoda, akaketi karibu na mto, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya mbegu: "Nikikunja magoti nakosea wapi?"

"Unawahi. Kamba inapogeuka ndipo ukunje. Wewe unakunja kabla, kama mtu aliyebanwa na haja."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Gilnyo akacheka kwa upande wake mmoja.

Kisha zamu ya kuuliza ikageuka. Gilnyo alikuwa ameona kijiji kizima kwenye kioo, lakini vipande vipande: mtu anachomoza juu ya ukuta, anaelea kidogo, anazama. Alitaka majina.

"Yule wa kijani anayepiga kelele kama bata?"

"Binti wa mwenye duka. Ameachana na mchumba juzi."

"Nilijua! Alikuwa anaipiga kengele kama anampiga mtu. Na yule mwembamba, aliyefumba macho mwanzo mpaka mwisho?"

"Ni huyu hapa," mama akasema, akinionyesha kwa kidole. "Mkwe wangu."

Gilnyo akanitazama vizuri. "Unalipaje ada ya mashindano halafu hutazami?"

Nikakata mkate vipande vidogo, Mzee Tak akamlisha, nao wawili wakaendelea. Mama alikuwa amepata mtu ambaye hakuwa amesikia habari hata moja ya Solgok, toka ya kwanza mpaka ya mwisho.

Tulipoondoka, mama alisimama getini. "Wataniuliza," akasema. "Niwaambie nini?"

Mzee Tak alikuwa ameinamia miguu yake mwenyewe.

"Waambie wagonge," Gilnyo akasema. "Mmoja mmoja. Na asije mtu wa kunililia."

Kesho yake ilikuwa fainali, na mama aliingizwa kwa sababu mmoja wa wasichana alikuwa ameteguka mguu. Alikunja magoti kamba ilipogeuka, kama alivyoelekezwa. Aligonga kengele mara moja, kwa kidole gumba cha mguu, sauti ndogo tu, lakini tuliisikia sote. Ushindi ulichukuliwa na yule wa kijani. Mama alipewa zawadi ya beseni. Kutoka nyuma ya ukuta tulisikia mtu akipiga kitu cha bati kwa kijiko, haraka haraka, na watu wakageuka kutazamana.

"Hayo nayo ni kabichi?" Pilsun akamuuliza mama.

"Nenda kagonge," mama akamjibu. "Uwe peke yako, na uchukue kitu laini cha kula. Ukilia utafukuzwa."

Pilsun alichukua tofu, ile laini ya soya, iliyokuwa bado inatoa mvuke. Alikaa humo ndani muda mfupi tu, akatoka macho mekundu, sketi yake ya waridi ameiinua kidogo ili atembee upesi, na nyuma yake tulisikia ile sauti nzito ikimwambia aende akanawe uso kwanza. Kesho yake asubuhi nilimwona akipita mbele ya nyumba yetu na bakuli jingine. Uso ulikuwa mkavu, na midomo ilikuwa ikichezacheza. Alikuwa anapanga habari atakazoanza kumsimulia Gilnyo.