Kamba ya Mita Tatu

Chumbani kwa mama hakuingii mtu na viatu. Hata daktari aliyewahi kuja nyumbani kumpima moyo aliviacha mlangoni, akaingia na soksi zilizotoboka kidole gumba, na mama akamtania mpaka alipoondoka. Kilikuwa chumba kidogo: kitanda, kabati, na dirisha lililotazama kichochoro. Lakini alikijenga yeye na marehemu baba, tofali kwa tofali, na sakafu aliisugua mwenyewe hadi magoti yalipokataa.

Aliyekivunja ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani, na nilikuwa katibu wa kamati ya kichochoro chetu. Kamati iliundwa na Mtaalamu, kijana mpole wa mipango kutoka ofisi ya mji, mwenye kalamu za rangi na maneno ya kubembeleza. Alitutaka tutaje kinachotukera. Wengine walitaja takataka, wengine maji machafu. Mimi nilitaja gari. Moyo wa mama ulikuwa umechoka, na kila alipozidiwa wanaume wanne walimbeba kwenye kiti cha plastiki hadi barabarani, maana kichochoro kilikuwa chembamba, hata mikokoteni miwili haikupishana. Watu wakaona kweli: likifika gari la wagonjwa, la takataka nalo litafika. Tukachagua kupanua njia.

Mtaalamu akaleta kamba ya mita tatu, imepigwa fundo kila mwisho. Watu wawili waliishika na kutembea nayo, na kila mahali ilipokwama ukuta ulipigwa alama ya rangi nyekundu. Alama zilikuwa ishirini na tatu. Ya kwanza ilikuwa kwenye geti la mwenyekiti. Ya kumi na mbili ilikuwa chini ya dirisha la mama.

Mwenyekiti wetu ni mchomeleaji wa vyuma, na sote tunamwita Tukopamoja, kwa sababu hilo ndilo jibu lake, uwe umeoa au umefiwa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alituambia mkutanoni. "Tunavunja wote. Mwisho wa mwezi katapila likija, likute njia nyeupe."

Mikono yote ilipanda. Nikaandika kwenye daftari: imekubaliwa kwa kauli moja. Nani aanze, na lini, sikuandika, kwa kuwa hakuna aliyesema. Kosa hilo ni langu pia.

Wiki mbili zikapita bila nyundo kulia. Kila niliyemuuliza alikuwa tayari kabisa, ila alikuwa anamsubiri jirani. "Huyu wa pembeni akivunja, mimi hata sasa hivi." Mtaalamu akanivuta kando, akaniambia watu hufuata mfano, akianza mmoja wengine wataona haya. Nikamwamini.

Nilipomweleza mama, alikunja na kukunjua ncha ya kanga.

"Maneno matamu humtoa nyoka pangoni," alisema mwishowe. "Haya, mwanangu, na mimi natoka. Ila hilo gari likifika, nitalipanda kwa miguu yangu, na viatu nimevaa. Nimechoka kubebwa kama gunia."

Tulivunja Jumamosi. Kitanda chake kikahamia sebuleni, nyuma ya pazia, karibu na cherehani yangu. Majirani walikuja kutazama, wakatikisa vichwa kwa heshima. Tukopamoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada, umetuonyesha njia. Tuko pamoja."

Akarudi kwake, akafunga geti.

Hakuna mwingine aliyevunja hata tofali moja. Huyu fundi wake kasafiri, yule mkewe hajakubali. Mmoja alinieleza, bila hata kupepesa macho, kwamba kwa kuwa kwangu kumekuwa kupana hivyo, labda gari litajipenyeza. Mwisho wa mwezi katapila lilikuja hadi mdomo wa kichochoro. Dereva akashuka, akalitazama geti la Tukopamoja, akawasha sigara, akaenda mtaa mwingine. Mtaalamu alinipa pole. Alisema watu wameshirikishwa vizuri. Nilitamani kumtia sindano ya cherehani mdomoni.

Basi tukabaki na uwanja. Pikipiki zililala pale, mtu akamwaga mchanga wake, na watoto wakaanza kupigia mpira ukuta wetu. Mama aliwasikia akiwa nyuma ya pazia.

"Leo chumbani kwangu wamefunga mangapi?" aliniuliza kila jioni.

Siku za mwanzo nilicheka. Baadaye nilikuwa natoka na kuwafokea watoto, ilhali wa kufokewa walikuwa wazazi wao.

Asubuhi moja ya mvua akazidiwa. Alikataa kuinuliwa mpaka nimvishe viatu. Kiti kilienda vizuri hadi kwenye geti la Tukopamoja. Hapo tukakutana na muuza maji na mkokoteni uliojaa, nyuma yake watu, nyuma yetu watu. Kiti kikainuliwa, kikapindwa, kikashushwa. Kiatu kimoja kikadondoka topeni. Nilikuwa naiona teksi barabarani, injini inawaka, na sikuweza kuifikia.

Alikata roho kabla ya kufika hospitali. Daktari hakusema tumechelewa. Nilimsubiri aseme.

Kesho yake watu walikuja msibani, wengi, maana mama alipendwa. Ikatafutwa sehemu ya kufunga turubai.

"Afadhali hapa kuna nafasi," alisema Tukopamoja, anaelekeza mabenchi. "Kichochoro kizima hakuna pengine. Dada, una kamba?"

Nilikuwa nayo ile ile ya Mtaalamu, yenye mafundo mawili, aliyoniachia katibu. Nikampa. Akaitundika kwenye misumari, toka ukuta wetu hadi wa jirani, ikafika bila kupungua. Watu wakaketi chini ya turubai, viatu vimejaa tope. Mwenyekiti akasimama, akakohoa.

"Ndugu zangu, msiba huu ni wetu sote."

"Mwenyekiti," nikamkatiza, "hapo mlipo ni chumbani kwa mama. Vueni viatu."

Mtu akanong'ona kwamba uchungu umenipanda kichwani. Nikarudia, polepole, wa benchi la nyuma naye asikie. Hakuna aliyekataa. Waliinama wakaitazama miguu yao, kisha wakatazamana, kila mmoja akimsubiri jirani aanze.