Koti Jekundu Chini ya Benki ya Zamani

Kijiko kiligonga bakuli jikoni, kikanyamaza, kikagonga tena. Nje bado giza. Nilienda taratibu, nikamkuta mjukuu wangu Peipei amekaa sakafuni, miguu mitupu, bakuli halina kitu. Alikuwa anagonga huku akitazama pembeni, mahali pasipokuwa na mtu.

"Peipei, mama, una njaa?"

Hata hakunigeukia. Alikuwa hajatoa neno tangu shule yao ilipokwenda kuitembelea benki ya zamani ya Barabara ya Magharibi, ambayo siku hizi ni makumbusho. Hazina ya benki ile ni shimo lililochimbwa chini ya kitanda kilichojengwa kwa matofali, unashuka kwa ngazi. Watoto walishuka kuona zilipokuwa zikifichwa fedha, wakapanda, na mfuniko wa mbao ukashushwa yeye akiwa bado chini. Alipogonga, wenzake walikuwa wameshafika uani. Mama msafishaji ndiye aliyesikia.

Madaktari wa hapa Pingyao walimpima wakasema hana ugonjwa. Hana ugonjwa, lakini hali chakula, hasemi, na macho yake yanazidi kwenda mbali.

Mkwe wangu Yanping, mama yake Peipei, alitokea mlangoni, nywele timtimu. "Mama, leo tunampeleka hospitali kubwa ya Taiyuan. Nimeshamwambia dereva."

"Nipe asubuhi hii tu, mwanangu. Nikaiite roho yake ilikobaki."

"Mambo ya kizamani hayo! Ukianguka kule shimoni nitauguza wangapi?"

"Sitaanguka. Ila nikirudi nitaita pale mlangoni, na wa ndani lazima aitikie. Isipoitikiwa, itabaki nje."

Yanping alipiga magoti akaanza kumvisha mtoto soksi. Lakini nilipolitundua lile koti jekundu alilovaa Peipei siku ile, Yanping aliniletea tochi, akaigonga kiganjani mpaka ikawaka.

Mlangoni pa benki mwanamke mnene alikuwa anafagia.

"Dada, tiketi zinaanza saa mbili. Hata mizimu ya humu inajua."

"Sikuja kutazama," nikamwambia, nikamwonyesha koti.

Ufagio ukasimama. "Ni yule mtoto? Mimi ndiye niliyemtoa. Alikuwa baridi kama samaki." Akachomoa funguo. "Naitwa Suhua. Ruka kizingiti, dada, usikikanyage."

Tulipita ua mmoja, tukapita wa pili, hadi chumba cha ndani. Suhua akainua mfuniko. Harufu ya udongo mbichi ikanipanda usoni.

"Mimi nitabaki hapa juu," alisema haraka. "Nitakuwa nakohoa, ujue nipo."

Nilishuka kwa kupapasa, koti kifuani. Chini palikuwa na kuta za matofali na hewa nzito. Wazee wetu walituambia, ukiita kwa hofu, si wako peke yake atakayekufuata. Nami nilikuwa na hofu.

"Peipei! Twende nyumbani. Usiogope, bibi nipo."

Sauti yangu ilichelewa kurudi, kana kwamba kuna mtu aliionja kwanza. Juu Suhua akakohoa. Nikaita tena. Tochi ikafifia, ikazima. Niliigonga kama Yanping alivyoigonga, haikuwaka. Nikasubiri kikohozi.

Kimya.

Kisha ngazi ikalia. Kitu kizito kilikuwa kinashuka, kinapumua. Nililibana koti kifuani. Mkono ukanishika kwenye mkono wa nguo, na nusura roho yangu mwenyewe initoke. Nani angekuja kuiita yangu?

"Ni mimi, dada, ni mimi!" Suhua hakuniachia. "Tangu nianze kazi hapa sijawahi kushuka. Shimo hili naliogopa kuliko marehemu mama mkwe wangu. Lakini nilisikia sauti yako inakatika. Haya, ita. Nimekushika."

Nikaita mara ya mwisho, nikalikunja koti na kulikumbatia. Sijui kama lilizidi uzito au mikono ilikuwa imechoka.

Ukishaita husemi na mtu, wala hugeuki nyuma, mpaka kwako. Suhua alijua. Alifungua mbao zote mbili za lango ili nisigonge koti popote, akakaa kando bila kungoja asante.

Njiani mzee Geng muuza tofu ya soya alinisalimia kwa sauti, "Bibi Cui! Umekula?" Nikapita. "Ee! Leo umekuwa malkia? Au tofu yangu imekuwa jiwe?"

Nikakaza mwendo. Nyuma yangu nilisikia vishindo vidogo, vyepesi. Nikisimama vinasimama. Shingo iliniuma kwa hamu ya kugeuka. Je, ni wake? Na kama si wake, ninampeleka nani nyumbani?

Mlango wetu ulikuwa umefungwa.

"Peipei, umerudi?"

Hakuna aliyejibu. Vishindo nyuma yangu navyo vilinyamaza, vikingoja.

"Peipei, umerudi?" Safari hii sauti ilinivunjika.

Ndani kiti kikaburuzwa. Halafu nikamsikia Yanping, sauti nyembamba kama ya mtoto wa shule: "Amerudi." Akafungua mlango. Macho yalikuwa mekundu. "Amerudi, Mama. Ingia."

Tulimfunika Peipei lile koti, akalala. Yanping alimpigia dereva akamwambia asije kwanza. Kisha tukakaa, mmoja huku mmoja kule, tunasikiliza pumzi zake, wala hatukuthubutu kutazamana.

Jua lilipokuwa juu, mtoto alikunja pua.

"Bibi, koti linanuka vumbi."

Yanping alikimbilia jikoni, akafungua bomba maji yamwagike kwa nguvu, tusimsikie analia. Peipei alikunywa uji wa mawele, akaomba tena.

Baada ya siku chache tulipika mikate ya mvuke yenye tende nyekundu, sote watatu tukampelekea Suhua. Peipei alikataa kuvuka kizingiti, akanyoosha tu mkono wenye mkate. Suhua aliupokea kwa mikono miwili, akala hapo hapo amesimama, kisha akatazama nyua zile tupu nyuma yake.

"Kutwa nzima niko na milango hii tu," alisema. "Njooni tena, dada. Msingoje mpaka muogope. Njooni tu mnione."