Kiungo cha Tatu

Mama Fanny hakupenda kuita mtu shambani mwake, lakini mwenye shida hachagui. Moto wa nyasi ulivuka kutoka kwa jirani ukala katikati ya tiyo, ule mpira mrefu unaopeleka maji kutoka mtoni hadi kwenye vitunguu. Siku ya nne hiyo vitunguu havijanywa, na jua la mwezi wa saba pale Baraka halimhurumii mtu. Visipopata maji kabla ya jioni, vimekwenda vyote, na shamba lingine hana.

Vipande alikuwa navyo vinne, viwili vyake vilivyopona moto na viwili vikuukuu alivyopewa kule Lusenda. Kuviunga ndiko kulikomshinda. Kwenye kila kiungo unatia kipande cha bomba la chuma, kisha unazungusha lastiki iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa pikipiki, huku unaivuta mpaka inakonda. Mkono wake wa kushoto hauvuti. Vidole vitatu vilikufa miaka sita iliyopita, siku watu wenye bunduki walipomfunga viwiko nyuma ya mgongo, wakamziba macho kwa kitambaa, wakamuua mume wake Jacques hatua kumi kutoka pale alipolazwa. Uso wa mtu hakuuona. Alisikia tu, na alibaki amefungwa vile toka asubuhi hadi jua linazama.

Basi akamwita Willy, fundi baiskeli aliyehamia mtaani mwaka jana, mtu wa mizaha, asiyekataa kazi.

Willy alipiga magoti kwenye kiungo cha kwanza, karibu na mto. Mama Fanny alikuwa amempa mgongo, anatia mafuta kwenye motopompi ya kuvutia maji. Akasikia lastiki inavutwa kwa meno. Akasikia mate, tfu, juu ya fundo. Kisha makofi mawili ya taratibu juu ya kiungo, na sauti ikasema, "Lala sasa."

Mafuta yalimwagika miguuni. Alijiambia, we mwanamke, una wazimu, tiyo ni tiyo. Akasogea karibu, akaangalia kiungo cha pili kwa macho yake. Meno. Mizunguko mitatu, wa nne ukapita chini. Tfu. Pa, pa. "Lala sasa." Ni maneno yale yale ya siku ile, na mkono ule ule uliompiga mgongoni mara mbili kabla ya risasi iliyomuua Jacques. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka mzima amemsalimia, amempa hata mihogo.

"Ni nani alikufundishaka kufunga hivi?" aliuliza.

"Pori, mama," Willy alicheka bila kuinua kichwa. "Kule tulikuwa nafunga bintu byote."

"Hata bantu?"

Ndipo akainua kichwa. Mkono wa nguo ya Mama Fanny ulikuwa umepanda, na alama mbili nyeusi za kufungwa zilikuwa wazi juu ya kiwiko. Willy aliziangalia kwa muda mrefu. Kicheko kikamtoka usoni.

"Mambo ya pori inabakiaka pori, mama," alisema polepole, na mkono wake ukaenda kwenye panga alilokatia lastiki.

Jembe la Mama Fanny lilifika kwanza. Lilimpata gotini, na goti likavunjika. Willy alianguka huku anapunga panga, likampasua Mama Fanny paja. Mwenyewe hakusikia maumivu. Alipiga tena, begani, panga likaruka majini. Akamkalia mgongoni, akamkandamiza uso kwenye tope mpaka miguu ikaacha kurusha mateke, ndipo akamvuta nywele apumue. Na tusidanganyane, alifurahi. Miaka sita hakuwahi kufurahi hivyo.

Lakini lastiki ilikuwa imebaki moja, ya kiungo cha tatu. Akiifunga kwenye tiyo, Willy ataamka. Akimfunga Willy, maji yatamwagika na vitunguu vitakufa. Alitukana mama zao wote, Willy na wenzake. Kisha akaishika lastiki kwa mkono mzima na meno, akavuta mpaka fizi zikatoa damu. Viwiko nyuma. Mizunguko mitatu, wa nne chini. Akatema mate, akampiga mgongoni makofi mawili.

"Lala sasa," alisema.

Akamburuta kwa kola hadi kwenye kiungo cha tatu, akamkalisha, akamtia midomo miwili ya tiyo mikononi, huko huko nyuma ya mgongo.

"Shika. Ukiachia, jembe iko hapa."

Akawasha motopompi. Maji yalimrukia Willy mgongoni, lakini alishika, na mengi yakapita. Mama Fanny alifungulia maji tuta la kwanza, la pili, la tatu, damu inamjaa kiatuni.

Alikuwa amemaliza tuta la kumi shemeji yake Déogratias, mdogo wa Jacques, alipofika mbio na majirani wawili waliosikia kelele. Mama Fanny alimwambia kwa maneno machache huyu ni nani. Déogratias akainama kuangalia mikono ya Willy. Ilikuwa imevimba, na kucha zimekuwa nyeusi.

"Shemeji, tumufungue, tumupeleke kwa polisi. Bidole bitakufa."

Mama Fanny aliegemea jembe. "Willy, bidole unabisikia bado?"

"Hapana, mama." Alikuwa analia. "Siko nasikia kitu."

Mama Fanny aliangalia shamba.

"Bado matuta mbili," alimwambia shemeji yake, akaenda kufungua maji.