Aliyesema "Rudia"

Uligeuza uso. Usiniambie hukuona. Kitabu cha Jenerali mstaafu Royce Tidwell kimo kwenye rafu yako, kati ya vile vitabu vinene vya majemadari unavyopewa zawadi kila Siku ya Baba. Ulipofika ukurasa wa 163 ulisoma kwamba vijana wanne walikufa kwa sababu askari mmoja wa redio, Curtis Pettaway, alitaja namba za ramani kimakosa. Ukaguna kidogo, ukafunua ukurasa wa 164. Hukujiuliza huyo Curtis ni nani, wala kama ana mama.

Ana mama. Anaitwa Opal, ana miaka themanini na minane, anakaa mitaa mitatu kutoka kwangu hapa Dunmore Springs, Oklahoma. Kila asubuhi saa moja ananipigia simu kuniuliza swali lilelile: nimepata jina la pili?

Habari ya jina la pili ni hivi. Kitabu kinachapwa upya, na toleo hili watapewa makadeti wajifunze uongozi vitani. Nimewaandikia wachapishaji barua kumi na saba, mimi ni king'ang'anizi, najijua. Hatimaye mhariri mmoja akajibu kwamba wataiondoa aya ile endapo watu wawili walioisikia redio siku ile wataapa na kusaini. Mwisho ni kesho Ijumaa, saa sita mchana. Mimi nimeshasaini. Anahitajika mmoja tu.

Sina chuo nilichosoma. Niliacha shule darasa la kumi, nikapelekwa Vietnam, na niliporudi nikasoma kila kitabu cha vita kilichomo katika maktaba yetu, toka vita vya kujikomboa kutoka kwa mfalme wa Uingereza mpaka hivi vya jangwani, kwa sababu nilitaka kujua waongo huandikaje. Huandika vizuri sana. Kosa la mkubwa huitwa bahati mbaya. Kosa la mdogo huandikwa kwa jina lake na la ukoo wake.

Sasa kuna neno moja nataka ulielewe. Sisi watu wa mizinga mafunzo yetu yalianza na kofi. Usiposikia vizuri redioni unasema "sema tena". Husemi "rudia", hata kama hema linaungua, kwa sababu kwenye mizinga "rudia" ni amri: pigeni tena palepale, makombora yaleyale. Aliyeteleza ulimi alizabwa, kisha akazungushwa uwanja mzima akiwa amekumbatia ganda la kombora kama mtoto mchanga. Neno lile limetukaa mifupani. Mpaka leo mchungaji akisema "rudieni maneno haya", sisi wazee wa mizinga tunafumba midomo, na wake zetu wanatukanyaga miguu chini ya benchi.

Askari wa miguu hawakuzabwa kofi hilo. Luteni Tidwell, miaka ishirini na mitatu, wiki yake ya pili vitani, hakuzabwa. Curtis alizabwa. Alifundishwa pamoja nasi kabla ya kupelekwa kubeba redio ya kikosi cha Tidwell.

Ilikuwa Machi 1969. Mimi nilikuwa ndani ya hema la mahesabu, tulimokokotoa mizinga ilenge wapi, redio mbele yangu. Curtis aliomba makombora ukingoni mwa msitu. Namba zake zilikuwa sahihi, niliziandika mwenyewe, na makombora yakaangukia yalipotakiwa. Dakika chache baadaye kikosi kikaingia palepale kukagua. Nikawaita niwaulize wako wapi sasa. Redio ikakwaruza. Mara ikaja sauti nyingine, nyembamba, ya mtu aliyempokonya mwenzake kipaza sauti: "Rudia. Nasema rudia."

Alikuwa hajanisikia, anataka niseme tena. Basi.

Haikuwa sauti ya Curtis, na nilijua. Curtis alizungumza taratibu, kama mtu anayemsomea bibi yake gazeti. Nilikuwa na nafasi ya pumzi moja kuuliza ni nani anayesema. Sikuuliza. Nilipaza amri, na makombora sita yakaenda yalikotumwa, juu ya kikosi kilekile, yakamuua Curtis na wenzake watatu. Hilo nalo limo katika kiapo changu, mstari wa kwanza kabisa, usije ukadhani ninajificha.

Mwingine aliyesikia kwa masikio yake ni Emmett Krause, sajini wa mzinga wa pili. Alikuwa amesimama mlangoni mwa hema akiniomba kiberiti, na spika ilikuwa wazi. Jana nilikwenda kwake, mwendo wa saa nzima kwa gari, kiapo mfukoni kikilowa jasho.

Mkewe Darlene alituwekea kahawa na pai ya tufaha, akatuacha. Alijua nimefuata nini. Emmett akazungumzia goti lake, mvua iliyokataa kunyesha, na timu yetu ya mpira inavyotutia aibu. Niliitikia yote huku nikitazama saa ya ukutani. Chini ya saa hiyo ilitundikwa picha ya mjukuu wake Kayla, amevaa sare ya kadeti, amekaza shingo. Nilipokitoa kiapo mezani Emmett hakukitazama. Alitazama picha.

"Profesa," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu nianze kusoma. "Unajua nani aliyeandika barua ya kumwombea huyu nafasi?"

Nilijua kabla hajamaliza.

"Tidwell. Kwa mkono wake. Sasa niambie, nikisaini hicho, huyu mtoto atatazamwaje kule?"

Nikamwambia hakuna kadeti anayefukuzwa kwa kiapo cha babu yake, kanuni haziruhusu, nimezisoma. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hiyo ndiyo shida ya kusoma bila mwalimu, mtu anaamini kila kilichoandikwa.

"Ulisikia au hukusikia, Emmett?"

"Nilisikia. Sauti ya luteni ile. Mwaka wa arobaini huu bado naisikia." Akanyanyua uso. "Na wewe ndiye uliyeipaza amri kwa vijana wangu, tukavuta kamba za kufyatulia. Kwa hiyo usinitolee macho ya hakimu, bwana. Wote tumo."

"Basi saini."

"Siwezi."

Alikisukuma kiapo kuelekea kwangu kwa ncha ya kidole, polepole, jinsi tulivyokuwa tukisogeza kombora lililogoma kulipuka. Darlene akaja kuondoa vikombe vikiwa bado vimejaa.

Leo asubuhi simu ililia saa moja kasoro. Niliiacha ilie mara nne. Nilipompasha Bi Opal habari aliuliza goti la Emmett linaendeleaje. Halafu akaniambia jambo alilonificha wiki nzima. Mjane wa mmoja wa wale watatu waliokufa na Curtis, ambaye wameandikiana kila Krismasi tangu mwaka ule, amemrudishia kadi yake bila kuifungua. Amekisoma kitabu.

Jumamosi jenerali anakuja katika maktaba yetu kuwasainia wasomaji nakala zao. Bi Opal ameshamwomba mke wa mchungaji ampeleke, na atakaa mstari wa mbele.

"Sitamtukana, mwanangu," alisema. "Nitamtazama tu. Lakini nataka nimtazame nikiwa mama yake Curtis, sio mama wa muuaji."

Nikaweka simu chini. Sasa nina la kukuambia wewe.

Masafa yale hayakuwa yetu peke yetu. Redio kumi na moja zilikuwa zikisikiliza: vikosi vingine viwili, rubani wa helikopta, makao makuu, walinzi wa kilima cha pili. Mpo. Mna vitambi na miwani, mnakata majani ya uani, na mmenyamaza. Kama ulikuwemo, mimi ni Harlan Stuckey, namba yangu imo katika kitabu cha simu cha Dunmore Springs, na sitaondoka kando ya simu hii hadi kesho saa sita. Kama hukuwemo, lakini baba yako au mjomba wako alikuwa kule Machi ile, acha kusoma, inuka, mwendee sasa hivi kabla hajamaliza kula. Usimuulize habari za vita, atakukwepa. Muulize alisikia sauti ya nani. Kisha mpe kalamu, na usitoke chumbani mpaka ameandika.